Mbung'o na Mdudu wa Mavi: Tusimwue Rafiki Tukimtafuta Adui

Mazungumzo na wafugaji yaliyofanyika kwenye josho siku ya kuogesha. Yameandikwa kama yalivyosemwa, ili wale waliokuwa malishoni nao wayasome au wasomewe nyumbani.

Nashukuru mmekubali kukaa kivulini kidogo kabla ya kurudisha mifugo malishoni. Sitawachelewesha. Leo sikuja kuhesabu chanjo. Nimekuja kuzungumza habari za wadudu wawili. Mmoja mnamjua kwa ubaya wake. Mwingine mnamkanyaga kila siku bila kumtazama.

Nianze na swali nililoulizwa. Mvua zilizopita nilikuwa kwenye boma moja nikimsaidia mama kunyunyizia ng'ombe wake dawa ya mbung'o. Tuliwanyunyizia wote, mwili mzima, kuanzia dume mpaka ndama wa juzi. Nikaondoka nimeridhika. Baada ya siku chache nikapita tena njia ile. Babu wa pale akanishika mkono akanipeleka nyuma ya zizi. Akageuza mavi ya ng'ombe kwa fimbo yake, akaniuliza, "Mwanangu, wakati wa mvua mavi haya hayalali siku mbili bila kutobolewa. Wale wadudu weusi wako wapi?" Nikageuza ya pili, nikageuza ya tatu. Wadudu walikuwa chini yake, wamelala chali, wamekufa.

Sikuwa na jibu siku ile. Cheti changu kilinifundisha kuua mdudu, hakikunifundisha kumbakiza. Nikarudi, nikauliza waliosoma zaidi yangu, nikasoma na mimi. Niliyoyapata ndiyo nawaletea leo.

Tumjue adui kwanza

Mbung'o, wengine mnamwita ndorobo, si kama inzi wa kawaida. Akitua, mabawa yake hulaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa. Dume anakunywa damu, jike naye anakunywa damu. Hawana chakula kingine. Katika damu hiyo ndimo anamochukua vijidudu vya nagana na kumpelekea ng'ombe mwingine. Daktari mmoja Mwingereza, David Bruce, ndiye aliyeonyesha jambo hili mwaka 1895 huko Zululand, Afrika Kusini. Lakini wazee wetu walijua kabla yake kwamba pori fulani halipitishwi mifugo.

Dalili mnazijua. Ng'ombe anakonda ilhali anakula, nywele zinasimama, tezi zinavimba, macho na fizi zinapauka, jike anatupa mimba, na maziwa yanakauka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Inzi wa chooni anataga mayai kwa mamia. Mbung'o hatagi yai. Anabeba mtoto mmoja tumboni, anamlisha humo humo kwa kitu kama maziwa, na baada ya siku 9 au 10 anazaa funza mmoja tu. Funza huyo anajichimbia kwenye udongo laini kivulini, anakuwa buu gumu, na baada ya mwezi hivi anatoka akiwa mbung'o kamili. Kwa hiyo mbung'o anaongezeka polepole, kama ng'ombe wetu wenyewe. Watafiti wamepiga hesabu kwamba tukiweza kuua majike 4 katika kila 100, kila siku bila kukoma, uzao wake hauwezi kuziba pengo, na mwisho mbung'o wa eneo hilo wanaisha. Hii ina maana hatuhitaji kumwaga sumu kila mahali. Tunahitaji sumu kidogo, mahali panapofaa, kwa muda mrefu bila kuchoka.

Makosa ya zamani

Wakati wa ukoloni njia ilikuwa kuondoa kila kitu. Huko Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, wanyamapori walipigwa risasi kwa malaki ili mbung'o akose damu. Hapa kwetu, Shinyanga, ambako Charles Swynnerton aliongoza utafiti wa mbung'o, misitu ilifyekwa eneo kubwa ili akose kivuli. Mbung'o alipungua kweli, lakini miti nayo iliondoka. Mashamba na mifugo vikaongezeka juu ya ardhi iliyo uchi, na udongo ukachoka. Ndiyo maana mwaka 1986 serikali ilianza mpango wa HASHI kurudisha miti, na ndugu zetu Wasukuma wakafufua ngitili zao, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Mbung'o jina lake moja la kisayansi amelichukua kwa Swynnerton, na huyo yuko huku kwetu Simanjiro mpaka leo. Fyekeo lilitugharimu sana, naye hatukummaliza.

Watafiti wa sasa wamebadili swali. Hawaulizi tena tuharibu nini ili mbung'o afe. Wanauliza mbung'o anapenda nini, anachukia nini, na anauma wapi.

Anachopenda ni harufu ya ng'ombe, yaani pumzi yake na mkojo wake, pamoja na rangi ya bluu na nyeusi. Kule Nguruman, Kenya, watafiti wa kituo cha icipe walishirikiana na wafugaji wa Kimaasai kutengeneza mtego wa kitambaa cha bluu na cheusi, chambo chake kikiwa mkojo wa ng'ombe na asetoni. Mbung'o anakuja mwenyewe, anaingia, hatoki.

Anachochukia ni harufu ya kuro. Mnamjua kuro, yule swala mkubwa wa mtoni mwenye duara jeupe matakoni. Anaishi katikati ya mbung'o lakini mara chache mbung'o anamwuma. Watafiti wakachunguza harufu yake, wakatengeneza inayofanana nayo, wakaitia kwenye kichupa kinachofungwa shingoni mwa ng'ombe. Walipojaribu huko Kwale, pwani ya Kenya, ugonjwa ulipungua sana kwa ng'ombe waliovaa. Je, tungekuwa tumewamaliza kuro wote kwa risasi, tungejifunza hayo kwa nani?

Na kisiwani Unguja wametumia njia nyingine. Kwanza walipunguza mbung'o kwa dawa ya ng'ombe na vitambaa vyenye sumu. Kisha madume yaliyofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi yakamwagwa kwa ndege. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na dume lililohasiwa, hazai. Mbung'o wa mwisho alikamatwa mwaka 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa huru. Kisiwa kina bahari ya kuzuia mbung'o wasirudi. Sisi huku hatuna bahari, kwa hiyo kazi yetu ni ya kudumu.

Anauma wapi?

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la babu. Kule Zimbabwe watafiti walikaa na ng'ombe wakahesabu mbung'o wanatua wapi. Waliona mambo mawili. Kwanza, mbung'o anawafuata ng'ombe wakubwa zaidi katika kundi. Ndama hawaumwi sana. Pili, wengi wanatua miguuni na tumboni.

Basi kwa nini tunamwogesha mgongo? Na kwa nini tunamwogesha ndama wa juzi? Dawa ya mgongoni mbung'o wengi hawaikuti. Inakwenda wapi? Ng'ombe anajiramba, dawa nyingine inaingia mwilini kupitia ngozi, na sehemu yake inatoka na mavi. Hapo ndipo inapomkuta mdudu wetu wa pili.

Tumjue rafiki

Huyu ni yule mweusi anayekata donge la mavi na kuliviringisha kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Watoto wanamchezea. Wako wa aina nyingi. Wapo wanaoviringisha, wapo wanaochimba chini ya mavi na kuyashusha moja kwa moja, na wapo wanaoishi ndani yake. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mmoja wa huko Afrika Kusini, usiku usio na mwezi, anashika njia yake sawasawa kwa kutazama ule mkanda mweupe wa nyota angani. Mdudu wa mavi anasoma nyota kama mchungaji.

Lakini mimi sikuja kumsifu kwa nyota. Nataka tupige hesabu ya mali. Ng'ombe mmoja anaangusha mavi mara 10 au zaidi kwa siku. Kwenye ng'ombe 50 hayo ni mafungu 500 kila siku. Yasipozikwa, yanafunika majani, na ng'ombe hali majani yaliyo karibu na mavi. Inzi wanazaana humo, pamoja na wale wanaouma na kusumbua macho ya ndama. Mayai ya minyoo yanaanguliwa humo na kupanda kwenye majani. Mdudu huyu anayafukia. Mbolea inafika kwenye mizizi, matundu yake yanapitisha maji ya mvua, na inzi wanakosa pa kuzalia.

Mnadhani natia chumvi? Australia walipeleka ng'ombe, lakini wadudu wa kule walizoea mavi ya kangaruu, ya ng'ombe hawakuyaweza. Malisho yakafunikwa, inzi wakawa balaa. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 wakaanza kuagiza wadudu wa mavi kutoka nje, na wengi walitoka Afrika hii yetu. Wenzetu wamevusha bahari kufuata kitu tunachokiua bila kujua.

Na huyu naye hazai haraka. Baadhi ya wale wakubwa, mama analea mtoto mmoja tu kwa msimu, anakaa naye shimoni akilitunza donge lake. Ukiwaua leo, huwaoni tena mwakani.

Tufanye nini?

Nasema kama ninavyowaambia wa nyumbani kwangu.

Moja. Pale shida ni mbung'o, nyunyizia ng'ombe wakubwa, na nyunyizia miguu yote minne na tumbo. Bomba la mgongoni linatosha. Utatumia dawa kidogo sana kuliko ya mwili mzima, na fedha inayobaki ni ada ya mtoto.

Mbili. Msisahau kupe. Kupe wa ndigana kali anakaa masikioni, kwa hiyo ongeza masikio. Penye ndigana kali nyingi, au penye ng'ombe wa kisasa, miguu na tumbo havitoshi. Hapo ratiba ya josho iendelee. Tuulizane kwanza kabla mtu hajaacha kuogesha.

Tatu. Si kila dawa ya josho inaua mbung'o. Amitrazi ni ya kupe, mbung'o haimwui. Deltamethrini na jamaa zake zinawaua wote wawili. Soma kibandiko, au mpe kijana asome. Kipimo ni kile kilichoandikwa, na siku za kurudia ni zile zilizoandikwa.

Nne. Dawa ya minyoo ya ivermektini nayo inatoka na mavi na kuua watoto wa huyu mdudu. Usichome kundi zima kwa mazoea, hasa mwanzo wa mvua wadudu hawa wanapoibuka. Mchome mgonjwa.

Tano. Sindano za nagana zisipunguzwe kipimo ili chupa moja ihudumie ng'ombe wengi. Ukimpa ng'ombe nusu, kijidudu kinabaki na kinajifunza kuizoea dawa. Katika nchi nyingi za Afrika dawa hizo zimeanza kushindwa, na nyingine mpya si rahisi kuipata.

Sita. Tufanye pamoja. Mbung'o hajui mpaka wa boma. Boma moja likinyunyizia na matano yasinyunyizie, lile moja limetupa fedha.

Najua kuna atakayesema, "Bwana mifugo, jana ulisema tuogeshe mwili mzima, leo unasema miguu na tumbo." Ni kweli. Nilisema nilichokijua jana, na leo nasema nilichojifunza. Aliyenifundisha kutazama ni mzee mwenye fimbo.

Nawaachia kazi ndogo, na hii ni ya watoto. Mvua zikianza, asubuhi chagueni mafungu matano ya mavi mabichi, mchomeke kijiti kando ya kila moja. Kesho yake asubuhi rudini mtazame. Yakiwa yametobolewa na kutawanyika, malisho yenu yana wafanyakazi. Yakiwa yamekauka juu kama mkate, hayana tundu, niiteni, tutazame pamoja ni dawa gani imetumika na imetumikaje.

Lile boma la babu tunanyunyizia miguu na tumbo siku hizi. Mbung'o bado wapo, lakini yule mama hajauza mtamba kununua dawa mwaka huu. Juzi nilipopita, babu hakunishika mkono. Alinionyesha tu kwa fimbo, mdudu mmoja mweusi akisukuma donge lake kuvuka njia, nasi tukasimama tukampisha.

Mwenye swali aulize sasa, kabla ng'ombe hawajakauka.