Kubana Diski Si Matunzo

Ndugu wasikilizaji, habari mmeshaisikia. Jumanne ya tarehe 14 Oktoba 2025, siku tuliyokuwa tukimkumbuka Mwalimu Nyerere, Microsoft ilikomesha matunzo ya Windows 10. Hilo hatutalirudia. Linalotutia wasiwasi ni dawa inayopendekezwa sasa kwenye meza za mafundi, kwenye steshenari na maofisini, kuanzia Ngamiani na Chumbageni mjini Tanga hadi Muheza, Pangani na Mkinga. Dawa hiyo ni kubana diski.

Maelezo yenyewe ni mepesi kusikiliza. Windows 11, mfumo wa kuhamia, inataka kompyuta yenye diski ya GB 64 au zaidi. Kompyuta ya ofisi diski yake imejaa. Basi fundi anafungua sifa za diski C, anaweka tiki kwenye kisanduku cha kubana, anaiacha mashine ijishughulishe kutwa, jioni anamwonyesha mwenye mali nafasi iliyopatikana. Hakuna kilichonunuliwa, na mwenye mali anashukuru. Kesho yake anaiwasha, na chai inapoa kabla hajafungua barua moja.

Tumeulizwa na wengi: kubana diski kunapunguza kasi ya kompyuta? Kwa kompyuta nyingi tulizonazo pwani hii, ndiyo. Windows hulikata faili vipande vya KB 64 na kukibana kila kipande peke yake. Ukitaka kusoma, kipande kifunguliwe. Ukitaka kubadilisha neno moja, kipande kifunguliwe, kibadilishwe, kibanwe upya, kiandikwe upya, na kwa kuwa ukubwa wake umebadilika, mara nyingi huandikwa mahali pengine. Kazi yote hiyo inaiangukia prosesa. Na ikiwa diski ni ile ya sahani inayozunguka, kichwa chake kinabaki kuhangaika huku na huko kikitafuta vipande vilivyotawanyika.

Mkoa huu unalijua robota la katani. Kushindiliwa kunalifaa robota linalosafiri melini, maana huko halifunguliwi mpaka lifike. Lakini nani atashindilia robota ambalo kila baada ya dakika moja anahitaji uzi mmoja kutoka katikati yake?

Tuwe wakweli pia. Ziko kompyuta ambazo hazitaona tofauti. Prosesa ikiwa ya nguvu na diski ikiwa nzito, kusoma faili lililobanwa huweza hata kuwa kwepesi zaidi, kwa kuwa kinachovutwa kutoka kwenye diski ni kidogo. Diski za SSD hazina kichwa cha kuhangaika. Na barua za mwaka juzi, kumbukumbu za vikao, hesabu zilizokwisha kufungwa, hizo zibaneni bila hofu, maana hakuna anayeziandika tena. Microsoft wenyewe miaka mingi wamekuwa wakieleza kwamba ubanaji huu unafaa kwa vitu vinavyosomwa tu, na haufai kwa seva inayoandikwa muda wote. Lakini fundi haulizi kipi kinasomwa na kipi kinaandikwa. Anabana diski nzima.

Na anabana visivyobanika. Picha za JPEG, nyimbo za MP3 na video za harusi zimeshabanwa tangu zilipotengenezwa. Mwenye studio aliyejaza diski yake kwa taarabu za Black Star na Lucky Star hatapata nafasi ya maana hata akibana mara kumi. Prosesa itajaribu, itashindwa, itaacha kama ilivyokuta.

Tamaa hii ni ya zamani. Mwaka 1993 Microsoft waliweka ndani ya MS-DOS 6.0 programu ya kubana diski iliyoitwa DoubleSpace. Kampuni ya Stac, iliyokuwa ikiuza programu kama hiyo, ikawapeleka mahakamani, na mwaka 1994 baraza la mahakama huko Marekani likaamua Stac ilipwe dola milioni 120. Hivyo ndivyo nafasi ilivyokuwa ghali siku hizo. Baadaye diski zikawa kubwa, zikashuka bei, na wengi wakaachana na kubana. Sisi bado tunabana, kwa sababu fungu la kununua lipo na fungu la kutunza halipo.

Hapo ndipo kituo hiki kinaposimama kila mara, na leo tunasimama tena hapo. Kompyuta inanunuliwa, au inaletwa na mfadhili. Inapokelewa kwa picha na makofi. Miaka 5 baadaye diski imejaa, feni imejaa vumbi, hewa ya chumvi imekula viunganisho, na mwalimu wa TEHAMA anaambiwa ajitahidi. Ajitahidi kwa nini? Fungu la kutunza halipo. Zahanati inaomba diski ya pili ya kuhifadhia nakala za akiba: fungu la kutunza halipo. Ndipo anapoitwa fundi, na fundi anafanya kile kisichodai risiti. Anabana.

Na anabana bure! Kompyuta nyingi zinazobanwa sasa Windows 11 itazikataa hata diski ikiwa tupu. Mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel unadai, kwa sehemu kubwa, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Mashine ya mwaka 2012 haikukataliwa kwa kukosa nafasi. Imekataliwa kwa umri wake. Kuibana ni kuiongezea mzigo mwingine uzeeni.

Mjue anayeumia. Ni kijana wa Handeni aliyekuja steshenari kujaza maombi ya mkopo wa chuo, siku ya mwisho, na kompyuta imekwama. Ni mama aliyepanga foleni tangu asubuhi, karani anamwambia asubiri, mashine inafikiri. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, kipande kilichobanwa kikiharibika kinaondoka kizima, na kukiokoa ni vigumu kuliko kuokoa faili la kawaida. Nakala ya akiba iko wapi? Haipo, kwa kuwa fungu la kutunza halipo.

Ndugu wasikilizaji, fungueni kompyuta zenu leo. Mkiona mishale miwili ya buluu imegusana pembeni mwa alama za mafaili, diski yenu imebanwa. Msikimbilie kuitoa ile tiki, kwa sababu kuyafungua mafaili kunahitaji nafasi ambayo hamna. Kwanza hamisheni picha na video kwenye diski ya nje. Futeni takataka za mfumo. Kisha fungueni kilichobanwa, folda moja moja. Mwenye uwezo anunue SSD, hata ndogo. Kompyuta isiyokubaliwa na Windows 11 iwekeeni mfumo wa Linux, ambao hauna ada, au jiandikisheni katika mpango wa Microsoft wa kuongezewa masasisho ya usalama kwa muda.

Nanyi mafundi wetu, kataeni! Mteja akisema bana, mwulizeni diski ni ya aina gani na inatumika kwa kazi gani. Mwambieni ukweli hata kama ukweli utamfanya aondoke.

Na ninyi wakurugenzi wa halmashauri za mkoa huu, bajeti ijayo itafika mezani kwenu. Andikeni mstari wa matunzo ya kompyuta. Andikeni diski, andikeni nakala za akiba, andikeni betri ya kulinda umeme unapokatika. Msilete kompyuta mpya hata moja kwenye shule zetu kabla ya mstari huo. Andikeni, nasi tutausoma hapa hewani, halmashauri moja baada ya nyingine, na isiyouandika tutaitaja kwa jina.