Saa za Giza: Sheria Ndogo za Ardhi na Mwanga wa Vitalunyumba

Kanuni za matumizi ya ardhi, yaani zile zinazoligawa eneo la manispaa katika kanda za makazi, viwanda na kilimo, zimejengwa juu ya dhana kwamba kero hupungua chanzo chake kinapowekwa mbali na watu. Dhana hiyo hufaa kwa kelele, lakini hushindwa mbele ya vitalunyumba, ambavyo ni majengo ya kioo au plastiki ya kuoteshea mazao majira yote, kwa kuwa mwanga wa taa zao za kukuzia mimea unaopenya paani usiku hupanda mawinguni, hutawanywa na matone ya maji, kisha huonekana kama machweo yasiyokwisha kwa wakazi walio kilomita nyingi kutoka shambani.

Leamington na Kingsville, manispaa jirani za kusini mwa jimbo la Ontario nchini Kanada, zimelikabili jambo hili kwa karibu, kwani zina mkusanyiko mkubwa wa vitalunyumba na ziko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Point Pelee, kituo mashuhuri cha ndege wahamao ambacho mwaka 2006 kilitambuliwa kuwa hifadhi ya anga la giza. Leamington ilitunga sheria ndogo mwaka 2020 na Kingsville ikafuata mwaka 2021, zote zikidai mapazia ya kuzuia mwanga. Sheria ya Manispaa ya jimbo hilo ya 2001 huruhusu kudhibiti hata mwanga wa ndani unaoonekana nje. Hata hivyo, sheria nyingine ya 1998 humkinga mkulima anayefuata desturi za kawaida za kilimo dhidi ya madai ya kero, mwanga ukiwemo.

Kiini cha mvutano, kwa hakika, ni joto. Taa za sodiamu hutoa joto jingi pamoja na mwanga, na pazia la paa likifungwa kabisa, joto na unyevu hukwama juu ya mimea na kualika magonjwa ya ukungu, ndiyo maana mkulima huacha mwanya. Na mwanya huo, hata ukiwa mdogo, huvujisha mwanga mwingi. Taa za LED hupunguza tatizo hilo, ingawa haziliondoi.

Uholanzi ilielekeza sheria yake kwenye saa: toka Novemba hadi mwisho wa Machi, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, kitalunyumba chenye taa za kukuzia mimea ama huzizima au huzuia asilimia 98 ya mwanga wake paani. Uamuzi huo una busara kubwa kuliko unavyosifiwa, kwa sababu nyanya yenyewe huhitaji giza, na ikimulikwa mfululizo majani yake hugeuka manjano, hivyo kinachojadiliwa ni wakati wa giza hilo tu. Saa za mwanzo wa usiku ndizo ambazo wakazi wengi bado wako macho na ndege wahamao, majira yao yakifika, huwa wengi angani. Kwa majengo mapya, pazia, na mfumo wa kutoa unyevu pazia hilo likiwa limefungwa, vinapaswa kuwa masharti ya kibali cha ujenzi, kwani kuviweka katika jengo la zamani ni gharama kubwa, na jengo kama hilo lahitaji muda wa mpito ulioandikwa katika sheria ndogo yenyewe.