Imani Yetu Siku ya Kudai Deni

(Maneno haya yalisemwa na mfanyakazi wa huduma za jamii wa parokia, mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana kwa semina ya siku moja wakati wa Kwaresima. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)

Wale walio nyuma songeni mbele kidogo, viti viko, na mimi sauti yangu si ya padre.

Nimeambiwa niseme juu ya kuishi imani katika maisha ya kila siku. Ni kichwa kikubwa. Ningeweza kuzungumza mpaka jioni juu ya upendo na umoja, nanyi mngeitikia amina, halafu kila mtu aende kwake kukamua ng'ombe. Kwa hiyo nitachukua siku moja tu katika maisha ya kikundi, ile siku ya kwenda kwa mwanachama aliyeshindwa kulipa mkopo. Inueni mikono: ni kikundi gani hapa hakijawahi kuchukua sufuria ya mtu?

Mnacheka. Haya, mikono naiona mitatu. Hapa tuna vikundi kumi na saba.

Hata mimi singeinua. Mwaka wa 2007 nilikuwa nimemaliza masomo ya diploma karibuni, na nilisaidia kikundi kimoja cha akina mama kuandika katiba yake. Walikuwa 22, wote Wakatoliki isipokuwa wawili. Kifungu cha 9 nilikitunga mwenyewe. Kilisema kwamba mwanachama asiyelipa kwa miezi mitatu, kikundi kitakwenda nyumbani kwake kuchukua vitu vya thamani ya deni. Nilikipenda sana kifungu hicho. Kilionyesha kwamba kikundi kina nidhamu, na wafadhili walipokuja kutembelea niliwasomea.

Mwaka wa 2009 mtakumbuka ulikuwaje. Mvua ilikataa, mahindi yakakauka yakiwa urefu wa magoti, ng'ombe wakafa. Mama mmoja wa kikundi hicho, nisimtaje jina, alikuwa amekopa shilingi 4,000 amlipie mtoto karo. Riba ilikuwa asilimia 10 kwa mwezi, kama vikundi vingi. Alilipa riba tu, shilingi 400 kila mwezi, kwa miezi mitano. Hiyo ni 2,000. Halafu maharagwe aliyotegemea hayakuzaa, akanyamaza miezi mitatu. Mweka hazina akafungua kitabu akasema deni ni 5,200. Yaani ametoa 2,000, na bado deni limepita pesa alizokopa. Hakuna aliyeona ajabu, na mimi mwenye diploma sikuona ajabu.

Tulikwenda Jumatano. Kabla ya kutoka tulisimama duara tukasali Baba Yetu, kama kila mkutano. Pale tunapomwambia Mungu atusamehe kama tunavyosamehe, tulipita mbio kama watu wanaovuka barabara kubwa. Tukaenda watu kumi na wanne, mimi nikiwa nyuma kama mshauri.

Tulimkuta amebandika maji ya ugali. Hakubishana. Alisimama kando ya mlango akifunga leso yake upya, mara moja, mara ya pili. Mama mmoja akaipua sufuria, akamwaga yale maji nje, yakiwa bado hayajachemka. Tukachukua na sufuria nyingine ndogo, kuku wawili, blanketi na jembe. Tulipofika kwenye lango, mtoto wake wa miaka kama sita akatufuata akikimbia. Alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria. Alidhani tumeusahau.

Aliupokea nani? Niliupokea mimi. Nikamwambia asante.

Vitu vile vyote viliuzwa shilingi 650. Mwezi wa Desemba kikundi kiligawana riba ya mwaka, kila mama akapata mafuta, unga na nyama ya Krismasi. Mimi nilipewa kilo 2 za sukari kwa kazi yangu. Nikazipeleka nyumbani nikanywea chai.

Sasa sikilizeni kilichofuata, kwa maana ndicho kilichonifanya nisimame hapa. Mama yule aliacha kikundi, hilo tulilitarajia. Halafu akaacha Jumuiya. Si mnajua, maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe katika jumuiya ndogo ndogo za majirani, na ni jambo jema. Lakini majirani wa jumuiya ndio hao hao wa kikundi. Alhamisi aje kusoma Neno la Mungu pamoja na mtu aliyemwaga maji yake ya ugali Jumatano? Ndani ya nyumba iliyo na blanketi lake? Mwishowe akaacha na Misa. Katibu wa Jumuiya aliandika katika ripoti kwamba amepoa kiimani. Aliyepoa ni yeye?

Miaka miwili baadaye nilikuwa natayarisha masomo ya Kwaresima nikafika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 24. Fungueni mkifika nyumbani, muanze mstari wa 6. Waisraeli wanakatazwa kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa sababu kuchukua jiwe la kusagia ni kuchukua uhai wa mtu. Nililisoma mara tatu. Jiwe la kusagia ndilo sufuria yetu, ndilo jembe letu. Ukimwachia mtu deni na ukamnyang'anya chombo cha kupatia chakula, atalilipa na nini?

Endeleeni mpaka mstari wa 10 na wa 11. Hapo pana jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa. Anayedai haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba ya mdeni. Asimame nje. Mwenye deni mwenyewe ndiye aingie na atoe kitu anachoweka rehani. Mnaona? Sheria haisemi deni lisilipwe. Inalinda mlango wa nyumba. Mtu ana deni, sawa, lakini bado ni mwenye nyumba, watoto wake bado wanamwona ni mwenye nyumba. Sisi tuliingia mpaka jikoni. Halafu inasema kama aliyekopa ni maskini na ameweka rehani vazi lake, arudishiwe kabla jua halijatua, apate kujifunika. Lile blanketi sisi tuliliuza.

Na msidhani ni mambo ya Biblia peke yake. Sheria ya Kenya ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44, inataja vitu ambavyo haviwezi kukamatwa kwa ajili ya deni hata baada ya mahakama kutoa hukumu. Vyombo vya lazima vya kupikia vimo. Vitanda na matandiko vimo, nguo za lazima zimo, vifaa vya kazi ya mtu vimo. Kwa hiyo dalali aliyetumwa na mahakama anatakiwa kuacha sufuria mekoni, na sisi tusiokuwa na hukumu ya mtu yeyote tunaichukua baada ya kusali. Nililijua hili nikiwa nimeshaandika katiba za vikundi sita. Diploma haifundishi kila kitu.

Najua kuna wanaonung'unika hapo katikati. Mwenyekiti mmoja aliniambia wakati wa chai, “Mwalimu, ukiwaonea watu huruma kikundi kitakufa.” Ni neno la kweli, na silipuuzi. Pesa za kikundi si za mwenyekiti wala za parokia. Ni za mama mwingine aliyeuza mayai. Mtu asipolipa, anamwibia huyo. Na tunao Wakristu wa namna hiyo, tusifichane: anaimba kwaya safu ya mbele, mkopo wa kikundi umekwisha miezi minane, ukimuuliza anasema Mungu atafungua njia. Siku hiyo hiyo amenunua simu. Yesu alisema mtu akikumbuka mbele ya altare kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aache sadaka yake hapo kwanza, aende wapatane. Mdeni anayekwepa njia ili asikutane na mweka hazina, neno hilo ni lake. Asiyelipa kwa makusudi aitwe, aulizwe, na kikitokea hasikii aende kwa chifu. Lakini yule anayekataa na yule aliyeshindwa si mtu mmoja, nasi tuliwafanya mmoja kwa sababu kumtenganisha huyu na yule kunahitaji kwenda kuketi nao, na kuketi kunachukua muda.

Katika Biblia yuko Nehemia, sura ya 5. Watu walikuwa na njaa, wakaweka rehani mashamba na nyumba kwa ndugu zao wenyewe, mpaka wengine wakawatia watoto wao utumwani. Nehemia alikasirika, akawaita wakubwa. Lakini kinachonigusa ni kwamba hakusema “ninyi” tu. Alikiri kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake walikuwa wanakopesha vile vile. Kisha mashamba yakarudishwa. Kiongozi alijihesabu ndani ya kosa, ndiyo maana walimsikiliza.

Basi nami nilirudi kwa kile kikundi mwaka wa 2012 nikawaambia kifungu cha 9 nilikiandika mimi na kilikuwa kibaya. Haikuwa rahisi. Mama mmoja alisimama akasema, “Uko na bahati wewe, pesa zako haziko kwa hilo sanduku.” Tulijadili mikutano mitatu. Mwishowe walipiga kura, 13 wakakubali kifutwe, 6 wakakataa, wengine hawakuja.

Badala yake waliweka mambo ambayo ningependa muyafikirie, bila kuyanakili kama yalivyo, maana kila kikundi kinajua watu wake. Riba waliishusha, na sasa inahesabiwa juu ya kiasi kilichobaki, si juu ya mkopo wote wa mwanzo. Hesabuni wenyewe: kwa asilimia 10 kila mwezi juu ya mkopo wote, miezi kumi tu riba imelingana na mkopo. Mtu halipi mkopo hapo, analisha kikundi. Hakuna anayekopa zaidi ya mara tatu ya akiba yake, kwa hiyo sehemu ya deni iko tayari ndani ya sanduku. Kila mkutano kila mama anatoa shilingi 20 za mfuko wa jamii, kando na akiba. Wanawake 22 wakikutana mara nne kwa mwezi ni shilingi 1,760, na hizo ndizo zinazoshika mtu mwenye msiba au mgonjwa asije akakopa kwa riba ya kununulia dawa.

Na mtu akichelewa mwezi mmoja, wanakwenda wawili. Si kumi na wanne! Wawili, mmoja akiwa amechaguliwa na mdeni mwenyewe. Wanabisha hodi, wanangoja nje mpaka wakaribishwe. Wanamuuliza, “Mama, kumetokea nini, na wewe unaona utaweza kiasi gani?” Mtu akisema mwenyewe shilingi 100 kwa wiki, mara nyingi huzileta. Si zote zinarudi. Mwaka wa kwanza walipoteza mkopo mmoja wa 3,000 kwa mtu aliyehamia mjini. Kikundi hakikufa.

Kule Gikondi, upande wa Nyeri, wazee walimwita Sista Irene Stefani “Nyaatha”, yaani mama wa huruma. Alikuwa Mwitalia wa Shirika la Consolata, alifika nchi hii mwaka wa 1915, akawahudumia wapagazi wagonjwa wa vita vile vya kwanza, kisha akakaa Gikondi akitembea kwa miguu nyumba kwa nyumba. Alikufa mwaka wa 1930 baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni, na mwaka wa 2015 alitangazwa Mwenye Heri kule Nyeri. Wengi wetu hapa tulikwenda kwa lori siku ile, mimi pia, tukanyeshewa na fulana zetu zenye picha yake. Njiani kurudi nilifikiria hilo tu la nyumba kwa nyumba. Naye aliingia jikoni za watu.

Mtaniuliza yule mama yuko wapi. Tulikwenda kwake baada ya kura ile, mwenyekiti na mimi, na sufuria mbili mpya na blanketi. Tulingoja nje. Alitukaribisha, akatupa viti, akapika chai katika sufuria yake mwenyewe aliyokuwa amenunua zamani. Zile mpya alizitazama akasema tumpelekee mama fulani wa bondeni ambaye nyumba yake imeungua. Blanketi alilichukua. Juu ya deni alisema atalipa, na alilipa zile 4,000, ilimchukua mwaka mmoja na nusu. Riba kikundi kilimwachia. Kikundini hakurudi. Misani namwona siku nyingine, anakaa karibu na mlango. Yule mtoto wa mfuniko amemaliza shule, tukikutana sokoni hunisalimu kwa adabu sana, na mimi hushindwa kumtazama.

Sasa mgawanyike vikundi vya watu watano watano, mkae na watu msiokuwa wa kikundi chenu. Makatibu wamekuja na katiba, niliwaomba. Tangu sheria ya usajili wa vikundi ya mwaka wa 2022 wengi mmeziandika upya, lakini nimezipitia chache na nimeona maneno yangu ya 2007 bado yamo, mmenakiliana. Tafuteni kifungu kinachosema juu ya asiyelipa. Msome kwa sauti, mtu mmoja ajifanye ndiye mwenye deni, asimame mlangoni, na wengine mje kumdai. Mna dakika ishirini. Baada ya hapo tutarudi hapa, na chai iko tayari.