Ununuzi wa Ng'ombe Mzima kwa Ushirika: Nyama ya Malisho Isiyo na Homoni wala Mabaki ya Dawa kwa Kaya za Kwashemshi, Korogwe na Handeni

1. Utangulizi

Kata ya Kwashemshi, iliyomo katika Wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, ni eneo la mashamba ya mkonge na la wakulima wadogo wa mahindi, maharage na matunda, na upande wa kusini wa Korogwe ipo Wilaya ya Handeni yenye nyanda pana za malisho na ng'ombe wengi. Ingawa mlaji na mfugaji ni majirani, nyama hupita mikononi mwa dalali, mchuuzi wa mnadani na mwenye bucha kabla ya kufika jikoni, na kila inapopita, habari za asili ya ng'ombe hupungua, hata mlaji wa mwisho hajui ng'ombe alilishwa nini, alitibiwa lini, wala kama alikaguliwa.

Mada hii inaeleza namna kaya kadhaa zinavyoweza kuungana na kununua ng'ombe mzima moja kwa moja kwa mfugaji, na hoja yake kuu ni kwamba katika mazingira ya Handeni na Korogwe swali la homoni, ambalo limevuma sana katika nchi za Magharibi, si swali la kwanza. Swali la kwanza ni la dawa na ukaguzi, na ununuzi wa pamoja ndio unaompa mlaji wa kawaida uwezo wa kuliuliza na kupata jibu lenye ushahidi.

2. Maana ya istilahi

Nyama ya malisho, kama inavyotumika hapa, ni nyama ya ng'ombe aliyeishi kwa majani ya mbugani na mabaki ya mazao kama mabua ya mahindi, bila kufungiwa na kuneneshwa kwa nafaka, mashudu na pumba. Nyama hiyo kwa kawaida huwa na mafuta machache, na mafuta yenyewe huelekea rangi ya manjano kwa sababu ya karotini, ambayo ni rangi ya asili iliyomo katika majani mabichi na ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Aidha, mafuta ya ng'ombe wa malisho huwa na kiasi kikubwa zaidi cha omega-3 kuliko ya ng'ombe wa nafaka, ingawa hata hivyo kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na kile cha samaki wenye mafuta.

Homoni za kukuzia ni kemikali, za asili au za kutengenezwa, ambazo mnyama hupewa, mara nyingi kwa kidonge kinachopandikizwa chini ya ngozi ya sikio, ili aongeze uzito haraka. Marekani huruhusu kadhaa kati ya hizo, zikiwemo estradioli, testosteroni, trenboloni na zeranoli, ilhali nchi za Jumuiya ya Ulaya zilizipiga marufuku, na kuanzia mwaka 1989 zikazuia pia uingizaji wa nyama ya ng'ombe waliopewa homoni hizo, jambo lililozua mgogoro uliofikishwa mbele ya Shirika la Biashara Duniani.

Mabaki ya dawa ni kiasi cha dawa ya tiba kinachosalia katika nyama au maziwa baada ya mnyama kutibiwa, na muda wa kusubiri ni idadi ya siku ambazo ni lazima zipite tangu dozi ya mwisho ya dawa hadi siku ya kuchinja, ili mwili wa mnyama uisafishe dawa hiyo mpaka ifikie kiwango kisicho na madhara.

3. Hali ya ufugaji katika Handeni na Korogwe

Ng'ombe walio wengi katika wilaya hizi mbili ni zebu wa asili mwenye nundu, ambaye akikomaa huwa na uzito wa kati ya kilo 200 na 350, na ambaye hustahimili jua, ukame na kupe kuliko ng'ombe wa kigeni. Wafugaji ni Wamasai na Wakwavi wenye makundi makubwa, pamoja na Wazigua na Wasambaa wanaochanganya kilimo na mifugo, na tangu Juni 2022 kaya zilizohamia Kijiji cha Msomera wilayani Handeni kutoka Ngorongoro zimefika na mifugo yao, hivyo suala la malisho na maji limekuwa zito zaidi. Ng'ombe hao huishi kwa majani, na mfugaji wa kawaida hana sababu wala fedha za kununua homoni za kukuzia. Mnunuzi wa Kwashemshi anayetaka nyama ya malisho isiyo na homoni anaitafuta, kwa hiyo, mahali ambapo tayari ndiyo desturi.

Hata hivyo, majani hayamkingi ng'ombe na maradhi. Kupe hueneza ndigana kali, mbung'o hueneza nagana, na minyoo humdhoofisha ndama, kwa hiyo mfugaji hulazimika kutumia dawa ya kuogeshea katika josho, dawa ya minyoo na viuavijasumu, hasa oksitetrasaiklini, ambayo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya pembejeo na mara nyingi hudungwa na mfugaji mwenyewe bila mtaalamu kuwapo. Oksitetrasaiklini ya kutenda kwa muda mrefu huhitaji kusubiriwa takribani wiki tatu hadi nne, kutegemea maelekezo ya kila bidhaa, ilhali ng'ombe anayeugua ndiye ambaye mfugaji huvutwa kumuuza haraka kabla hajamfia. Hapo ndipo hatari ilipo: ng'ombe wa malisho, asiye na homoni hata chembe, anaweza kufika buchani akiwa na dawa ya jana mwilini, na mlaji anayekula mabaki hayo mara kwa mara huchangia bila kujua kukua kwa usugu wa vimelea, yaani hali ya bakteria kuzoea dawa hata isiweze kuwaua tena.

4. Funzo la Ranchi ya Mkwaja

Historia ya Mkoa wa Tanga ina mfano unaolihusu jambo hili moja kwa moja. Katika miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha Ranchi ya Mkwaja katika pwani ya Pangani ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba yake. Kwa namna hiyo mnunuzi mmoja mkubwa aliwaunganisha walaji wengi na chanzo kimoja cha ng'ombe wa malisho, na hesabu ya mahitaji ya watu ikatangulia hesabu ya mifugo. Ranchi hiyo ilifuga ng'ombe aina ya Borani katika eneo lililojaa mbung'o, na iliweza kuendelea kwa sababu ng'ombe walichomwa mara kwa mara dawa ya kukinga nagana iitwayo isometamidiamu, kazi iliyochunguzwa kwa kina na watafiti wa mifugo katika miaka ya 1970 na 1980. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Mkwaja inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba ununuzi wa jumla wa nyama kwa ajili ya watu wa mashamba ya mkonge si wazo geni katika mkoa huu. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni kwamba ranchi ya majani matupu iliishi kwa kutegemea dawa, na usalama wa nyama ya namna hiyo hulindwa na kumbukumbu za tarehe za kila sindano, kwa sababu majani peke yake hayamwambii mlaji kilichomo mwilini mwa mnyama.

5. Utaratibu wa kununua kwa ushirika

Desturi ya kugawana ng'ombe imezoeleka. Katika Idd el-Haji, sheria ya Kiislamu inaruhusu watu saba kushirikiana ng'ombe mmoja wa udhiya, na katika Krismasi na Mwaka Mpya majirani huchanga fedha, wakanunua ng'ombe na kugawana mafungu. Kinachopendekezwa hapa ni kuigeuza desturi hiyo ya sikukuu iwe mpango wa mwaka mzima wenye kanuni zilizoandikwa, kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, kaya kati ya nane na 12 ziunde kikundi, ama ndani ya VICOBA au SACCOS iliyopo, ama kwa kutumia vyama vya ushirika vya wakulima kama vile vya mkonge, na zichague mweka hazina na mtu mmoja wa kushughulikia mifugo.

Pili, kikundi kiingie mkataba na mfugaji anayejulikana, kikimlipa sehemu ya bei mapema, naye akubali kuandika katika daftari kila dawa anayompa ng'ombe aliyechaguliwa, kwa jina, kiasi na tarehe. Kwa kuwa malipo ya awali humpunguzia mfugaji shida ya fedha ya ghafla, humwondolea pia sababu ya kumkimbiza mnadani ng'ombe aliyetoka kudungwa sindano.

Tatu, bei ihesabiwe kwa uzito. Mnadani ng'ombe huuzwa kwa kukadiriwa kwa macho, na mwenye jicho lililozoea zaidi, ambaye kwa kawaida ni dalali, ndiye anayefaidi. Njia ya haki ni kupima mzoga, yaani mwili wa ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa, kuchunwa na kutolewa matumbo, ambao kwa zebu huwa takribani nusu ya uzito wa ng'ombe akiwa hai. Ng'ombe wa kilo 260, kwa mfano, hutoa mzoga wa kilo 130 hivi, na kaya kumi zikigawana sawasawa kila moja hupata kilo 13 pamoja na mifupa. Ni lazima pia kukubaliana mapema kuhusu ngozi, kichwa, kongoro, maini na utumbo, kwani ugomvi mwingi wa mafungu huanzia hapo.

Nne, ng'ombe achinjwe katika machinjio yanayotambuliwa na halmashauri, na mchinjaji anayekubalika na wanakikundi wote, naye mkaguzi wa nyama amkague akiwa hai na aukague mzoga kabla haujagongwa mhuri. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Nyama ya mwaka 2006, iliyounda Bodi ya Nyama Tanzania, zinaweka msingi wa jambo hili. Ukaguzi hugundua kifua kikuu cha ng'ombe, vifuko vya minyoo ya tegu katika misuli, na dalili za maradhi yanayoweza kumwambukiza binadamu, kama kimeta. Kibudu, yaani mnyama aliyekufa mwenyewe, asiliwe kwa hali yoyote, hata kama bei yake inashawishi na hata kama mwenye mnyama anaapa kwamba amekufa kwa kuumwa na nyoka. Ikumbukwe kwamba mkaguzi hawezi kuyaona mabaki ya dawa kwa macho, na hiyo ndiyo sababu daftari la mfugaji haliwezi kuachwa.

Tano, wakati wa kununua uchaguliwe. Ng'ombe wa malisho hunona baada ya mvua za masika, kuanzia Juni, na hukonda mwishoni mwa kiangazi, kwa hiyo kikundi kinachonunua wakati wa unono hupata nyama bora, na mfugaji anayeuza wakati huo hulipwa kwa uzito halisi na kupunguza idadi ya mifugo kabla majani hayajaisha.

6. Uhifadhi na mapishi

Kilo 13 za nyama ni baraka kwa kaya yenye friza na ni mzigo kwa kaya isiyo nayo, hivyo mgawo lazima uzingatie uwezo wa kila mwanachama. Uchinjaji ufanyike alfajiri, nyama isafirishwe ikiwa imefunikwa katika chombo safi, na isikae muda mrefu katika joto la mchana, kwa sababu bakteria huzaliana upesi. Penye umeme, nyama ifungwe katika vifurushi vya mlo mmoja mmoja na kugandishwa kwa nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Pasipo umeme, kaya ichukue fungu dogo, na sehemu yake ikatwe vipande vyembamba, itiwe chumvi na kukaushwa juani au kubanikwa kwa moshi. Nyama ya ng'ombe aliyetembea umbali mrefu kutafuta majani huwa ngumu kiasi, kwa hiyo hufaa ichemshwe kwa moto mdogo hadi ilainike, na mapishi ya namna hiyo huua pia vimelea vya tegu.

7. Changamoto

Vikwazo vipo. Wakaguzi ni wachache wakilinganishwa na vijiji, machinjio mengi ya vijijini hayana maji ya kutosha, na baadhi ya wafugaji hawajazoea kuandika kumbukumbu. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa mwaka 2025, ambapo ng'ombe huvishwa hereni zenye namba, inafungua njia ya kulitatua tatizo hili la mwisho, kwani namba ya hereni ikiandikwa katika mkataba na katika daftari la dawa, ng'ombe anayechinjwa hujulikana kuwa ndiye yule aliyechaguliwa.

8. Mapendekezo na hitimisho

Mada hii inapendekeza kwamba halmashauri za Korogwe na Handeni ziandae kwa pamoja daftari moja la dawa za mifugo, la kurasa chache na kwa Kiswahili chepesi, ligawiwe kwa wafugaji kupitia maafisa mifugo wa kata. Kwamba wauzaji wa pembejeo watakiwe kumweleza kila mnunuzi muda wa kusubiri wa dawa anayoinunua. Kwamba mizani iwekwe katika minada na machinjio. Na kwamba vikundi vya ununuzi vya Kwashemshi vianze na ng'ombe mmoja kwa robo ya mwaka, vijifunze kutokana naye, kisha vipanuke.

Mkoa wa Tanga tayari una malisho, una ng'ombe wanaoishi kwa majani na una watu waliozoea kuchanga na kugawana. Kilichokosekana ni ushahidi unaosafiri pamoja na nyama kutoka zizini hadi jikoni, na ushahidi huo unadaiwa na mnunuzi aliyeungana na wenzake, kwa sababu mfugaji atalijaza daftari ambalo mnunuzi wake ameahidi kulisoma kabla ya kulipa. Kaya kumi za Kwashemshi zikilifanya hilo kwa uaminifu kwa mwaka mmoja, zitakuwa zimelinda afya ya watoto wao na kumpa mfugaji wa Handeni bei inayolingana na kazi yake.