Wageni wa Shule Waje Kwetu

Akina mama, wazee wetu, leo tuzungumze habari ya safari za shule.

Basi likienda Nakuru kutazama wanyama, mtoto ambaye mzazi wake hakupata pesa hubaki. Mwaka jana tulimkuta mmoja nyuma ya choo analia. Sisi wenyewe tulikaa kwenye kamati iliyopanga ile ada, na hakuna aliyeuliza juu yake. Jambo hilo linatuuma.

Kwani safari lazima iwe ya mbali? Huko Ufaransa, mwaka 1953, shule moja ya Vanves karibu na Paris ilipeleka darasa na mwalimu wao milimani Savoie, wakasoma na kucheza kwenye theluji. Theluji hatuna, lakini baridi tunayo! Tuna reli inayopanda kupita mita 2,700, iliyofika Eldoret mwaka 1924. Tena tuko mgongoni: mvua ya upande huu huishia Ziwa Victoria, ya upande ule Ziwa Baringo. Na watoto wangapi wa mjini wamewahi kuchimba kiazi?

Basi kikundi kimoja kijaribu kupokea darasa moja, siku moja. Uji, viazi vya kuchemsha, choo safi, na mtu mzima wa kuvuka nao reli. Watakacholipa kiwekwe kando kiwalipie watoto wetu wasioweza, na mweka hazina ayaandike majina kwa siri.

Jumapili baada ya misa tubaki kidogo tuchague siku. Sio mwezi wa nne, njia zinateleza.