Siki Juu ya Magadi



Wapendwa wasikilizaji, magadi tunayotia katika maharage ili yaive upesi yana ukoo mrefu wa majina. Wamisri wa kale waliyaita netjeri, neno la jamaa moja na netjer, yaani mungu, kwa kuwa waliyatumia katika kutakasa. Waebrania wakasema neteri, Wayunani nitron, Waarabu natruni. Kutoka humo wanakemia wakapata neno natrium. Ndiyo maana wanafunzi wetu huandika Na wanapotaja sodiamu, na Ziwa Natron huko kaskazini mwa nchi yetu limebeba jina hilohilo.

Neno hili limo katika kitabu cha Mithali, sura ya 25, aya ya 20. Mwenye hekima anamfananisha mtu amwimbiaye mwenye huzuni na siki iliyomwagwa juu ya neteri. Tafsiri ya kale ya Kiyunani inasema kidonda badala ya magadi. Sisi twaona Kiebrania kimesema jambo la ndani zaidi. Kidonda huuma, kisha hupoa. Lakini mimina siki ya kutosha juu ya magadi: yatatoa povu na sauti, hewa itatoka, na baadaye hayataosha tena wala kulainisha maharage. Nguvu yake imekwisha.

Hapa Ilemela twaijua misiba ya ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia wakafa, na wengi wakazikwa Igoma. Wako pia wavuvi ambao miili yao haikuonekana kamwe. Mama angali anatazama maji, nasi twaingia na ngoma, twamwambia asilie, ni mapenzi ya Mungu. Makatekista, hiyo ndiyo siki. Hatuzikatai nyimbo za mazishi, ambazo hulia pamoja na waliao. Twasema juu ya furaha ya kulazimisha. Machozi ya mama huyo yana kazi yake, na haifai tuyaharakishe.

Yakobo alipofariki Misri, waganga walimhifadhi kwa siku 40, na katika kazi hiyo Wamisri walitumia magadi hayohayo. Nchi nzima ikamlilia siku 70. Yosefu, mtu wa imani kubwa, hakumnyamazisha yeyote. Na msafara ulipofika ng'ambo ya Yordani, akamwombolezea baba yake siku 7 nyingine.