Kuokoa Gharama: Tumwulize Nani?

Leo twapenda kusema juu ya kupunguza gharama za kazi, na juu ya mtu apasaye kuulizwa kwanza.

Hapa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, wengi wetu hulima nyanya na mboga. Bei ikishuka, mwenye shamba hupunguza kwanza ujira wa vibarua. Kibarua naye huchuma kwa haraka, hushindilia nyanya tengani, na zile za chini hupondeka. Senti zilizookolewa shambani hupotea sokoni Morogoro. Kibarua aliona, lakini hakuulizwa. Wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Toyota, watengenezaji wa magari wa Japani, walilifahamu jambo hili. Mwaka 1951 walianza kupokea mashauri ya wafanyakazi wao, na shauri lililofaa lilipewa tuzo. Nchini Tanzania, Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma; lakini mabaraza hayo yalikuwa ya kutoa shauri tu, hayakukata neno.

Hata hivyo, kuokoa hakufai kitu kama shabaha ya kazi imekosewa. Tukumbuke kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kuuza viatu vingi Ulaya. Kuta zake zilikuwa za alumini, wala hakikuwekewa njia ya kupitisha hewa, katika mji wenye joto. Hakikupata kutumia zaidi ya sehemu 5 katika 100 za uwezo wake, kikafungwa mwaka 1990. Hata kama kila mfanyakazi angaliokoa kipande cha ngozi kila siku, asingaliweza kukiponya.

Basi, mwenye kazi na aanze kwa kuwaeleza watu wake lililo kubwa: je, ni nyanya nyingi, au nyanya nzima? Kisha awaulize ni gharama gani isiyosaidia shabaha hiyo. Wakimwonyesha, asiwafukuze kwa kuwa sasa kazi yahitaji mikono michache, bali awagawie sehemu ya akiba ile. Aliyeadhibiwa kwa shauri lake jema hatatoa la pili, na wenzake wote watanyamaza pamoja naye.